Chupa Chini ya Nyama

Kama kuna kitu Fundi Baridi alikipenda kuliko kutengeneza friji za watu, ni kuwaeleza watu habari za friji zao. Ukimwita aje kubadilisha mpira wa mlango, utapewa somo zima umesimama, chai yako ipoe. Ndiyo maana familia ya mkewe ilipopanga kwenda kupiga kambi kando ya ziwa, mahali pasipo na umeme wala nguzo yake, hakuna aliyeuliza nani atasimamia chakula kisiharibike. Kasha la barafu lilikuwa lake, na maneno yote yahusuyo baridi yalikuwa yake.

Sheria zake zilijulikana hata kwa watoto. Nyama igande kama jiwe kabla haijaingia. Chupa za maji yaliyogandishwa zijazwe chini na ubavuni. Kasha likae kivulini, lifunikwe blanketi lililoloweshwa. Na asilifungue mtu yeyote isipokuwa yeye, maana baridi ikishatoka imetoka. Kule ziwani alilikalia kutwa nzima, akiwachungulia waliopita, mpaka shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, akamtania kwamba anaatamia mayai.

Lakini safari ile haikuwa ya matembezi tu, na wote walijua. Mama mkwe alikuwa ameanza kusahau. Siku moja aliacha jiko linawaka akaenda sokoni, na tangu siku hiyo dada mkubwa hakuwa na wimbo mwingine: mama afunge nyumba yake, aje akae kwake, apumzike. Mama hakutaka kupumzika. Alitaka jiko lake, kitanda chake na majirani zake wa kugombana nao. Basi wakapatana kwamba chakula chote cha kambini atakipanga yeye, atakipika yeye, na nyama ya siku ya mwisho ataikoleza viungo na kuigandisha yeye mwenyewe. Mambo yakienda sawa, hakuna atakayemgusia tena habari ya kuhama.

"Tutaona, mama," dada mkubwa alisema.

Mama akapanga kasha kwa mikono yake, sheria moja baada ya nyingine. Nyama ilikuwa imeganda hasa. Fundi Baridi aliigonga kwa kidole ikalia ko, akamsifu mbele ya watu.

Sasa sikiliza alichofanya mtu huyu. Njiani waliposimama kununua mkate, alizunguka nyuma ya duka akanunua bia. Mwaka uliotangulia, baada ya aibu fulani ambayo hatuna haja ya kuirudia, alikuwa ameketi sebuleni kwa mama mkwe, kichwa chini, akaapa kwamba pombe na yeye basi. Mama akamwamini, na mkewe akarudi nyumbani. Sasa chupa ataziweka wapi, kwenye gari lililojaa wakwe? Wenzake wakiwa bado dukani, akafungua kasha, akatoa barafu ya chini akaitupa mtaroni, akazipanga bia palepale chini ya nyama. Chupa zilikuwa za moto, zimeshinda juani dukani. Mtoto wa shule angejua zitafanya nini. Yeye alijua zaidi ya mtoto wa shule, ila alikuwa na kiu.

Siku mbili wakala vya juu: mayai, mboga, maziwa. Kila wenzake walipokwenda majini, Fundi Baridi alibaki kulinda kasha, na kila alipobaki alilifungua. Asubuhi ya siku ya mwisho, akitoa chupa ya mwisho, mkono wake ulikutana na maji ya vuguvugu. Nyama ilikuwa imelegea na harufu ikampanda puani. Alimwaga maji, akaenda nyuma ya kichaka, akachimba kwa kigingi cha hema akazifukia chupa zote. Kisha akarudi akalowesha blanketi, kana kwamba kuna kitu cha kufunika.

Mchana mama alikuja na sinia lake, amejifunga kanga kiunoni, furaha tupu. Mfuniko ulipoinuliwa watoto wakaziba pua.

Hakuna aliyepaza sauti. Afadhali wangepaza.

"Mama," dada mkubwa aliuliza polepole, kama anavyoulizwa mgonjwa, "hivi ulikumbuka kuwasha friza?"

"Niliwasha."

"Una hakika?"

Mama akaangalia nyama, akaangalia mikono yake. "Nilidhani niliwasha," alisema.

Mke wa Fundi Baridi akamgeukia mumewe. "Wewe ndiye fundi. Si uliigonga nyama wewe? Nyama inaozaje ndani ya barafu?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Angeweza kupita akiwa na aibu ya kawaida, aibu ya mlevi, ambayo watu wameizoea. Lakini alimwona mkewe anamtazama, akakumbuka ile sebule, akasafisha koo na kutoa sauti yake ya kazini.

"Inatokea," alisema. "Inaweza kuganda juu tu, ndani bado. Ukiigonga inakudanganya. Friza ikiwa imewashwa kwa kuchelewa, inakuwa hivyo."

Mtaalamu amesema, na nani atabishana na mtaalamu? Mama aliitikia kwa kichwa kama aliyesomewa majibu ya hospitali. Walikula mkate mkavu, na dada mkubwa akasema kwamba kesho watapitia kwa mama kuchukua nguo. Mama hakubisha. Akafungua fundo la kanga, akatoa funguo za nyumba yake, akamkabidhi.

"Sawa, mwanangu. Msije mkaungua kwa ajili yangu."

Fundi Baridi akaenda kuosha kasha ziwani. Alisugua mpaka mikono ikamuuma. Alipokuwa anarudi alimkuta mama peke yake karibu na jiko la mawe, amempa mgongo, anajisemea kwa sauti ndogo huku akikunja vidole: Nilitoka bafuni. Nikaingia jikoni. Nikachomeka waya, taa nyekundu ikawaka. Ikawaka au haikuwaka? Akavikunjua, akaanza upya kutoka bafuni.

Fundi Baridi alisimama na kasha lake tupu, aibu ikamshika mpaka kwenye kucha. Mama wa watu alikuwa anaitafuta akili yake mwenyewe, na aliyeiiba alikuwa nyuma yake.

"Mama, friza uliwasha," alisema. "Nyama nimeiharibu mimi. Njiani niliweka bia chini yake, nikatoa barafu."

Wengine walisikia wakasogea. Dada mkubwa alimtazama kwa huruma, machozi yakimlengalenga. "Shemeji, una moyo mzuri. Lakini tusimdanganye mama. Daktari alisema tusimfiche."

"Simfichi kitu. Nilikunywa."

"Umeacha pombe, sote tunajua," mkewe alisema, akamshika mkono kwa upole ambao hakuwa amemshika nao tangu mwaka uliopita. Na mama mwenyewe akampigapiga begani. "Usijibebeshe mzigo wangu, baba. Mungu akulipe."

Walikuwa wanamsifu. Angenyamaza tu hapo, angeondoka ziwani akiwa mkwe bora kuliko alivyokuja. Nami nakuambia kweli, alilifikiria jambo hilo.

Kisha akauchomoa mkono wake, akaenda nyuma ya kichaka, akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Alirudi amezikumbatia chupa, mchanga umemjaa shatini, akapiga magoti akazimwaga mbele ya miguu ya mama mkwe. Mkewe alizitazama, akamtazama yeye, akarudi hatua nyuma.

Mama aliokota chupa moja, akaipangusa mchanga. "Ulipofungua kasha njiani," alisema, "nyama ilikuwaje?"

"Imeganda, mama."

"Juu tu?"

"Mpaka ndani. Kama jiwe. Yale ya friza kuchelewa niliyatunga."

"Kama jiwe," mama alirudia. Akamgeukia binti yake mkubwa, akanyoosha kiganja, akakiacha hapo mpaka funguo zikarudi juu yake. Alizifunga kwenye kanga kwa fundo gumu, akalikaza kwa meno.

Fundi Baridi alibaki amepiga magoti, akisubiri matusi. Alikuwa ameyahesabu yote njiani kutoka kichakani, na kila moja lilimstahili. Mama akainama, akamwekea mkono kichwani.

"Asante, baba," alimwambia. "Asante sana. Nilikuwa naogopa."

Fundi Baridi aliinamisha uso mchangani, akashindwa kuuinua mpaka mahema yote yalipokwisha kukunjwa.