Kifungu cha Saba

Kengele zilikuwa zinalia jengo zima, na Gloriose hakuweza tena kukaa. Alishika ukingo wa roshani ya wageni, akachungulia chini kwenye viti vyekundu vya Baraza la Juu. Wajumbe waliingia mbiombio, mmoja bado anatafuna, mwingine akijifunga koti.

"Kaa, mama," Owuor alinong'ona. Alikuwa Mkenya, afisa wa chama cha wafanyakazi, na ndiye aliyemleta. "Watatutoa nje."

Alikaa. Alikwisha kuonywa mara moja siku hiyo. Mjumbe mmoja mwanamke alipotamka jina la Balthazar, Gloriose alisimama wima, kama wajane wa kwao Bukavu wanavyosimama marehemu anapotajwa mbele za watu. Mlinzi akamwashiria akae.

Balthazar, mume wa Gloriose, aliangukiwa na shehena ya vigae ghalani, katika mtaa wa viwanda wa Wetherill Park, akafa. Mwenye ghala alisema huyo hakuwa mtu wake, aliletwa na wakala wa vibarua. Wakala akasema ghala si lake. Miezi kumi na minne sasa. Kifungu cha saba cha mswada wa sheria uliokuwa mbele ya Baraza kilisema mwenye ghala atawajibika kwa kila anayefanya kazi chini ya paa lake, hata aliyeletwa na wakala.

Gloriose aliapa kutovua nguo nyeusi mpaka kifungu hicho kiwe sheria. Mwezi uliopita mswada ulipita kule kwenye Baraza la Chini, naye akarudi nyumbani Quakers Hill, akawatangazia Wakongo wote wa kanisani: Jumamosi ya tarehe fulani tunaondoa matanga. Kwao mkutano ukishaamua, umeamua. Hakujua kwamba hapa ugenini neno hupita nyumba mbili, na kwamba nyumba ya pili hukipitia kila kifungu kama mtu anayechambua mchele. Sasa ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi ndiyo hiyo.

Kengele zilinyamaza. Milango ikafungwa kwa ufunguo. Wa ndiyo wakaenda kulia kwa mwenyekiti, wa hapana kushoto. Yule mjumbe mwanamke akaenda kushoto.

"Ametugeuka!" Gloriose alisema. "Jina la bwana yangu kinywani, halafu anaenda kwa wanaokataa?"

"Sikiliza, mama. Wanaulizwa kama kifungu cha saba kiondolewe. Wa hapana ndio wetu. Omba kushoto kujae."

Akahesabu vichwa, akapotea, akaanza upya. Mtu mmoja alisoma hesabu kwa sauti ya kawaida kabisa: ndiyo ishirini, hapana kumi na tisa. Milango ikafunguliwa. Punde mswada ukasomwa mara ya tatu, ukapita, bila kifungu cha saba.

"Basi?" Gloriose aliuliza wakiwa nje. "Imekwisha?"

"Bado. Unarudi Baraza la Chini. Wanaweza kuyakataa mabadiliko haya, waulete tena huku. Nyumba zote mbili zisipokubaliana maneno yale yale, gavana hana cha kusaini."

"Lini?"

"Jumanne."

"Na wakichoka kubishana?"

Owuor alitazama magari. "Wakichoka wataupitisha hivi ulivyo."

Alipokuwa akingoja treni akampigia Concilie, kiongozi wa kina mama kanisani, aliyezoea kumwita kwa jina la mwanawe.

"Jumamosi sivui nguo."

"Mama Aline! Mbuzi iko tayari nyumbani kwa Bruno. Watu wanatoka mbali, mpaka Wollongong."

"Waje. Wakule, waimbe. Mimi nitabaki na nyeusi yangu. Bunge bado inabishana mpaka Jumanne."

"Sasa weye umeolewa na Bunge?" Concilie akacheka, kisha akaacha. "Na Jumanne wakikikataa kifungu chako?"

"Nitarudi kule."

Treni ilipofika kituo cha Parramatta ilijaa. Mwanamume mwenye koti la kazi la kung'aa na buti zenye vumbi jeupe akajibwaga kando yake, na kabla milango haijafungwa alikuwa amelala. Kichwa chake kikamwangukia begani. Gloriose hakusogea. Hakujua anashukia wapi, na hakuna aliyekuwa naye wa kuulizwa. Basi kila kituo kilipofika alikitaja taratibu, karibu na sikio lake.

"Seven Hills," alisema.

Mtu yule akapumua kwa nguvu.

"Blacktown. Marayong."

Treni ikaanza kupunguza mwendo. Kilichofuata kilikuwa kituo chake mwenyewe.

"Quakers Hill," alisema. Milango ikafunguka, ikafungwa tena, na kichwa kile kizito bado kilikuwa begani mwake.