Mtia Makaa wa Jumapili ya Kwanza

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, makumbusho ya reli ya Kesarpur huwasha garimoshi lao la mvuke. Siku hiyo nazi ilipasuliwa mbele ya gurudumu kama kawaida, kichwa cha treni kikavishwa shada la maua ya manjano, abiria wakapanda na karanga zao.

Phoolwati, mjane wa miaka sabini na moja, alimpelekea mumewe mkebe wa chakula wa ghorofa tatu. Mumewe alikuwa juu kwenye kichwa cha treni, na beleshi. Alikufa mwaka 1981, boila ya treni hiyohiyo ilipopasuka, akiwa na miaka thelathini na miwili, na ndiyo aliyobaki nayo. Hapakuwa na mwingine aliyejua kuulisha moto ule, basi hakuna aliyeuliza.

"Mjukuu wako anachapa kazi, bibi," abiria mmoja alisema.

"Ni mume wangu."

"Ala! Mfungie ndani, watakuibia."

Stesheni palikuwa na ubao. Uliandikwa kwamba boila ilipasuka kwa sababu mtia makaa alilala, maji yakaisha. Shuleni wajukuu wa Phoolwati waliitwa ukoo wa usingizi. Yeye alitaka mstari ule ufutwe, basi.

Mwaka ule wa ajali alikwenda kulalamika. Karani akamuuliza jina la marehemu. Mke wa kwao hataji jina la mumewe, asije akampunguzia umri. Hata akiwa maiti, mazoea ni mazoea. Akajibu, "Baba Satbir." Karani akaandika: mlalamikaji hamfahamu marehemu. Faili likafungwa.

Treni ilipofika katikati ya njia, dereva Ilyas alitazama kioo cha kupimia maji ya boila. Kimejaa. Marehemu akakigonga kwa spana, maji yakashuka mpaka chini kabisa.

"Kinadanganya," alisema. "Siku ile pia kilidanganya. Nilimwambia msimamizi, akasema nina woga wa kike."

Ilyas akaongeza maji. Wakarudi salama, na abiria wakadai safari ilikuwa fupi.

Meneja Bhatnagar alikikagua kioo mwenyewe. "Kibovu kweli," alisema.

"Basi futa ubao, bwana mkubwa," Phoolwati alisema.

Meneja akatoa fomu. "Jina la marehemu?"

Phoolwati alimtazama mumewe, aliyekuwa akichovya chapati kwenye achari. Umri wa kupunguza haukuwepo tena.

"Risal Singh," alisema.

Mumewe akainua kichwa. "Mbona unaniita kama polisi?"

"Nyamaza, ule."

Meneja akaandika. "Shahidi?"

Risal Singh akanyoosha mkono mweusi kwa makaa. Meneja alipekua kanuni kurasa mbili. "Shahidi lazima awe hai."

"Na mtia makaa?" Ilyas aliuliza.

"Hapo kanuni haisemi kitu." Akamgeukia Risal Singh. "Mwezi ujao uwahi kidogo, ndugu."

Jumatatu kilifungwa kioo kipya. Jumanne ubao ulipakwa vanishi, maandishi yaleyale yakang'aa hata mwenye mtoto wa jicho akayasoma.

Jumapili ya kwanza iliyofuata, Phoolwati alifika na mkebe wake. Mzee mmoja alikuwa ameusoma ubao wote, mikono nyuma. Akamnyooshea kidole Risal Singh kule juu.

"Wewe kijana, usije ukalala!"

Risal Singh akatupa beleshi jingine la makaa. Treni ikaondoka kwa wakati.