Mwenye Nyumba Ndiye Anayeanza

Kila mwaka, kabla ya likizo ndefu, maktaba ya watoto ninayoisimamia huwapa zawadi wasomaji kumi na wawili waliowazidi wenzao kwa udadisi, na kila mwaka mimi ndiye ninayelaumiwa. Mwaka mmoja niliwapa darubini za plastiki ambazo hazikuonyesha kitu ila ukungu. Mwaka uliofuata niliwapa visanduku vya majaribio ya sayansi, na matokeo ya kila jaribio yalikuwa yamechapwa juu ya kifuniko, basi hakuna aliyejisumbua kuvifungua. Tangu hapo nikajiwekea sharti: mchezo wowote utachezwa kwanza na watoto wawili, alasiri tatu, mezani pangu, na aliyeutengeneza asiwepo.

Mwaka huu shemeji yangu seremala, mume wa dada yangu mkubwa, alitaka zawadi iwe mchezo wake.

Niliuona kwao Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana. Ulikuwa mzuri, chuki isininyime kusema kweli. Ubao wa mninga, kisima kimechongwa katikati, na njia mbili za hatua ishirini ishirini, kila moja ikitoka ukingoni hadi kisimani. Kila mchezaji ana ng'ombe mmoja. Juu ya njia yamesimama malango madogo yenye bawaba, na zamu yako ikifika unachagua jambo moja tu: usogee hatua moja, au umfungie mwenzako lango lililo mbele yake, au ulifungue alilokufungia, nalo lango likishafunguliwa halifungwi tena. Wa kwanza kufika kisimani ameshinda. Ng'ombe na malango yote yalikuwa yamepakwa rangi na dada yangu, kwa brashi nyembamba kama unyoya.

Kijitabu cha kanuni alikiandika shemeji mwenyewe. Kanuni ya kwanza ilisema: Mwenye nyumba ndiye anayeanza.

"Tazama sasa, shemeji," aliniambia, akimsogeza ng'ombe wake. Kisha akamgeukia mkewe. "Haya, Mama Konokono. Leo au kesho?"

"Nafikiri," dada akasema.

"Anafikiri! Utadhani ana uchungu wa kuzaa. Shemeji, huyu si ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani? Darasa lenu lilikuwa na watu wangapi, wawili?"

"Lilikuwa na watu wengi," nikasema. "Bahati mbaya hukuwa mmoja wao."

"Wewe panga vitabu, mama. Hapa tunatumia vichwa."

Alimshinda mara nne. Kila aliposhinda aliinuka, akaenda kuchora mstari kwa chaki upande wa ndani wa mlango wa karakana. Upande wake mlango ulikuwa mweupe kwa mistari ya miaka miwili. Upande wa dada haukuwa na hata mmoja.

Jikoni, tulipokuwa tukiosha vyombo, niliiona fomu ya chuo cha ualimu imebanwa nyuma ya kopo la chumvi. Dada alikuwa ameitafuta fomu hiyo kwa miezi.

"Hujaijaza?"

"Nitaijaza siku nitakapomshinda hata mara moja." Alicheka kidogo, kile kicheko chake cha kuomba radhi. "Mtu anayeshindwa na mchezo wa watoto akamfundishe nani, mdogo wangu? Kichwa kimeshachakaa."

Nilirudi kwangu, nikaketi, nikachora njia mbili juu ya karatasi na kuweka vifungo viwili vya shati badala ya ng'ombe. Haikunichukua hata nusu saa. Ukimfungia mwenzako lango, wewe hukusogea, akilifungua, naye hakusogea, mmerudi mlipokuwa. Njia zina urefu mmoja, hatua ni zilezile. Aliyetangulia kuondoka hutangulia kufika, hata mwenzake afanye hila gani. Kelele za malango ndizo zilizowafumba macho watu wote wawili, pamoja na ile kanuni ya kwanza. Katika nyumba ile mwenye nyumba alikuwa mmoja tu, na kwa miaka miwili hakuna mwingine aliyewahi kuanza.

Ningeweza kumpigia simu dada dakika ileile. Simu ilikuwa mkononi. Lakini nililiona jambo jingine, nikalipenda: nilimwona akilini shemeji amekaa kwenye kiti cha mtoto, katikati ya maktaba yangu, akivuliwa ujuzi wake na watoto wa miaka kumi, mkewe akitazama. Kweli iliyosemwa jikoni, nilijiambia, shemeji angeipuuza kwa neno moja. Iliyosemwa mbele ya mashahidi isingepuuzika. Basi nikamwandikia shemeji kwamba mchezo wake umekubaliwa kujaribiwa, na kwamba baada ya wiki tatu, siku ya Jumamosi, aje na mkewe kusikia uamuzi. Nikasubiri.

Watoto niliowachagua walikuwa binti wa fundi viatu, tuliyemwita Kwanini kwa sababu ambayo kila mwalimu wake aliijua, na mvulana mmoja aliyetembea na kamusi kwapani, ambaye wenzake walimwita Babu. Sikuwadokeza neno. Alasiri ya kwanza waligombana kabla ya kugusa ng'ombe.

"Mwenye nyumba ndiye anayeanza," Babu akasoma. "Hapa mwenye nyumba nani?"

"Mimi. Nimesoma vitabu vingi kukupita."

"Kusoma si kumiliki. Nikuonyeshe kwenye kamusi?"

"Funga kamusi yako. Tupokezane: leo mimi, kesho wewe."

Alasiri ya pili walikuwa wameacha kucheza, walikuwa wanaandika nani alianza na nani alishinda.

Jumamosi ilipofika, shemeji aliingia kwa kuusukuma mlango kwa bega, masanduku kumi na mawili yakiwa tayari nje kwenye mkokoteni. Dada alimfuata, vidole vyake vikiwa bado na rangi.

"Haya, waheshimiwa," shemeji akawaambia watoto. "Nani kamfunga nani?"

"Mchezo ni mzuri sana, mjomba," Kwanini akasema. "Ila hauna haja ya kuchezwa."

"Nini?"

"Anayeanza anashinda. Basi. Mnaweza kuulizana tu nani anaanza, kisha mkaenda zenu."

Shemeji alicheka, akatugeukia sisi ili tucheke naye. "Mtoto, mimi nimeshinda mchezo huu mara mia tano."

"Ulianza mara ngapi?" Babu akauliza, kwa adabu kabisa.

Shemeji aliketi kwenye kiti kifupi cha mtoto, magoti yakimfika kifuani, akamwambia Kwanini aanze. Akashindwa. Akafunga malango yote, akashindwa. Mara ya tatu alicheza kwa haraka, jasho likimtoka usoni, na alipoona ng'ombe wa binti amebakiza hatua moja akaufagia ubao kwa kiganja.

"Umewafundisha!" alinifokea. "Umekaa na watoto wa watu ukawalisha fitina!"

"Debe tupu," nikamwambia, na sitaficha kwamba sauti yangu ilikuwa na furaha, "haliachi kuvuma hata likitobolewa."

Dada alikuwa ameinama, anaokota ng'ombe sakafuni. Aliwapanga upya, akavuta kiti mkabala na mumewe.

"Naanza mimi," akasema.

"Mimi sichezi na mke wangu mbele za watu."

"Kila jioni unacheza nami, na kila mgeni akija unamwonyesha ile chaki. Kaa."

Akakaa. Dada alicheza polepole kama kawaida yake, na safari hii hakuna aliyemwita konokono. Ng'ombe wake alifika kisimani. Shemeji aliinuka, akatoka, na tukamsikia nje akiyabamiza masanduku juu ya mkokoteni bila kujali rangi.

Nilimwendea dada nikamshika bega. "Umeona? Si kichwa chako. Haijawahi kuwa kichwa chako."

"Nimeona." Hakuinua macho. "Wewe umeona lini?"

Ningeweza kusema leo. Watoto walikuwa wananitazama, na watoto wale huwezi kuwaongopea.

"Ile Jumapili. Nilipofika nyumbani."

"Wiki tatu."

"Nilitaka aaibike mbele ya watu, dada. Ungemwambia peke yako angekucheka."

"Kila jioni ya wiki hizo tatu amenicheka. Nikapanda kitandani nikijua kwamba ni kweli." Aliuondoa mkono wangu begani, bila hasira, kama mtu anavyoondoa uzi kwenye nguo. "Fomu mwisho wake ulikuwa jana."

Sikuwa nimeuliza tarehe. Katika mambo yote niliyoyapima mezani kwangu kwa vifungo vya shati, hilo sikulipima.

"Nitakwenda chuoni mimi, nitazungumza nao—"

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Nami nilidhani ni yule aliyetoka tu."

Kwanini alimvuta Babu kwa shati, wakasogea kwenye rafu ya ramani, wakajifanya wanasoma. Nje mkokoteni ulianza kukwaruza lami. Dada hakugeuka kuutazama. Alirudisha malango wima, moja baada ya jingine, kwa ncha ya kidole. Kisha akanionyesha kiti alichokiacha mumewe.

"Kaa."

"Dada, tayari tunajua—"

"Kaa. Wewe ni wa pili."

Nikakaa. Akasogeza hatua yake ya kwanza. Tangu hapo nilijua jinsi mchezo utakavyokwisha, naye alijua kwamba najua, na alinisubiri nifunge lango, akalifungua, akanisubiri nifunge jingine. Ng'ombe wake alifika kisimani. Aliwarudisha wote wawili ukingoni, akaanza tena yeye.