Mdomo wa Mkunga

Mimi Pelagia sifichi kitu. Nilipoambiwa hospitali yetu ya Isanzala inaletewa msimamizi mpya, tena Mgogo, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walipopita Ugogo na pembe za ndovu mabegani wakienda pwani, babu zao waliwatoza kila kitu, hata maji ya kunywa. Kwa hiyo mtani akikutukana humkasirikii, na wewe ukimtukana hana pa kukushtaki. Ndivyo tulivyolelewa.

Ilikuwa mwaka 1951, mwezi wa kumi. Hospitali ilikuwa ya Baraza la Watemi, kando ya barabara ya Tabora kwenda Nzega, vitanda ishirini, na siku aliyofika Bwana Kornel Chiwanga vitanda kumi na saba havikuwa na mtu. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya pale Nzega, alikuwa ameshasema: ukifika mwezi wa nane hali ni ile ile, anafunga wodi zote, panabaki chumba kimoja cha kufungia vidonda. Sasa wajawazito wetu waende wapi? Tabora ni maili arobaini, na wakati wa mvua lori halipiti. Nilikuwa mkunga pale miaka kumi na minne. Kila nikifikiria kufuli kwenye mlango wa wodi yangu ya wazazi, nilikwenda kusugua upya kila kitanda.

Kornel hakuwa na makuu. Wiki ya kwanza hakutoa amri hata moja. Alikaa na daftari la wagonjwa, kisha akapanda baiskeli kuzunguka vijijini akiwauliza watu kwa nini hawaji. Aliporudi akajenga mabanda ya kupikia, ndugu wa mgonjwa wasipigwe na jua na vyungu vyao. Dresa wetu Lugembe, mfunga vidonda, mzee aliyezoea kufungua mlango saa nne, akatakiwa afungue saa moja, na Kornel mwenyewe alimngoja pale mlangoni kila siku mpaka akazoea. Hakugomba. Wanaume wakaanza kuja, wakaja na watoto wenye kikohozi. Wodi yangu tu ndiyo iliyobaki tupu.

Mimi alinitania. Kila asubuhi, mbele ya watu: ati Mnyamwezi huyu mdomo wake unafukuza wajawazito. Namjibu, Mgogo nenda kaombe chakula, njaa ya kwenu imekupanda kichwani. Watu wanacheka, kazi inaendelea. Siku nyingine aliniambia mdomo wangu utaua mtu, nami nikamwambia apunguze kwanza bei ya maji. Haki ya Mungu, sikujua mtu anaweza kumtania mtani wake na moyoni hatanii.

Na mdomo wangu niliujua. Mwanamke akija amechelewa, au amekunywa dawa za kienyeji, nilimpasulia: ulikuwa wapi, unataka kunifia mikononi, ulipokuwa unaitafuta mimba ulilia hivi? Niliona ndiyo kazi. Aliyenifundisha ukunga alitukaripia hivyo hivyo.

Mwezi wa tatu, siku ya mvua, Bertila, mke wa Raymundi wa Lusu, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Alitembea na mama mkwe wake mpaka kwenye baraza ya wodi. Ndani nilikuwa namkaripia mwingine. Bertila akasikiliza, akageuka. Mama mkwe alimvuta mkono, akakataa. Alijifungulia njiani, kwenye shamba la mtama la watu, na mtoto alitanguliza miguu. Waliletwa jioni kwa machela. Bertila alikuwa hai. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye kanga, hata uso hawakuuacha nje.

Asubuhi nilijiandaa kwa matusi ya Kornel. Alikuja, akasimama mbele yangu, akavua kofia.

"Shikamoo, Mama Pelagia."

Mtani hapewi shikamoo. Miezi mitano hakuwahi kunipa, na siku ile nikajua utani umekwisha. Akaniambia kwamba yote aliyonitania ndiyo aliyoambiwa vijijini, na wanawake walinitaja kwa jina. Aliyapitisha kwenye utani kwa sababu nilikuwa mkubwa kwake na aliniogopa. Kosa hilo ni lake, alisema, na atamwandikia Bwana Shauri hivyo. Kisha akaniuliza, ningekuwa mimi msimamizi, ningefanya nini.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilimwacha amesimama, nikaenda nyuma ya mabanda kulia. Nililia kwa hasira kwanza, halafu kwa ajili ya yule mtoto. Niliporudi nilimwambia anitoe wodini, amweke Tekla, msichana niliyemfundisha mwenyewe, mwenye sauti ya upole. Mimi nitafua mashuka. Kornel alikubali bila kunibembeleza, akapanda baiskeli, akatangaza vijijini kwamba Pelagia sasa ni dobi. Loo, hilo liliniuma.

Wakaja. Watatu, wakawa saba, na kufika mwezi wa saba Tekla alikuwa anatandika mikeka sakafuni. Nilifua damu ya uzazi ya watu nisiowaona nyuso. Nilifurahi, na wivu ukanitafuna, vyote kwa pamoja.

Siku tatu kabla Bwana Shauri hajaja kutukagua, Bertila alimleta wifi yake, Josepha. Kornel alikuwa Nzega. Saa tisa alasiri Tekla alinifuata kwenye mapipa ya kufulia, akaniambia: mtoto ametanguliza miguu, na yeye hajawahi kumtoa wa hivyo. Nilinawa mpaka viwiko. Nilipofika mlangoni nikasimama. Bertila alikuwa amekaa kichwani pa kitanda, ameshika mkono wa wifi yake. Josepha aliponiona akageuzia uso ukutani.

Niliuliza kama naruhusiwa. Bertila alinitazama, na wifi yake anaugulia, na mimi nahesabu pumzi zake.

"Ingia," akasema. "Lakini usiseme neno."

Nikaingia. Nilimwonyesha Tekla kwa kidole mahali pa kushika. Miguu, kiuno, bega moja, bega la pili. Josepha aliposukuma kabla ya wakati, maneno yalinifika kwenye meno, nikayameza, nikamweka kiganja tumboni mpaka akatulia. Kichwa kikatoka. Mtoto alikuwa kimya, wa buluu. Nikamfuta mdomo, nikamsugua mgongo, nikamsugua tena, naye akalia.

Bertila akanyoosha mikono, nikamfunga mtoto kanga, nikampa yeye kwanza. Alimfunua uso, akamtazama sana, kisha akaanza kumlilia yule wake wa shambani, kwa sauti, mbele yangu.