Mpaka Uliohama

Kaupa akikusalimia kwa uchangamfu, rudi nyumbani ukahesabu nguruwe wako. Ndivyo nilivyomjua jirani huyu tangu nilipoolewa bondeni hapa, na mwaka huu alinichangamkia kupita kiasi. Kwa hiyo mume wangu Siune aliporudi kutoka shambani akinung'unika kwamba tanget za mpakani hazikai mahali pake, sikushangaa. Nilikasirika tu.

Tanget ni mmea mwekundu usio na makuu. Chomeka tawi udongoni, litaota. Lakini likishaota mpakani haliguswi, na watu wamewahi kuuana kwa ajili ya shina moja. Anayejua kila mpaka wa bonde hili, nani aliupanda na nani alishuhudia, ni Siune. Watu wakigombana huitwa yeye. Husimama shambani, hunyoosha kidole, na maneno huisha. Nguruwe hatuna wengi. Tuna jina hilo.

Nilikwenda kujionea. Kweli, udongo ulikuwa umefukuliwa karibuni na mstari wa tanget ulikuwa umepinda. Umepindia upande gani, sikungoja kuangalia. Hasira haina macho. Nilikwenda moja kwa moja kwa hakimu wa kijiji kumshtaki Kaupa. Akasema atakuja kesho yake, Siune aonyeshe mpaka mbele ya watu wote.

Lakini mimi nilitaka kumshika mwizi na ngozi mkononi. Kulipopambazuka nilijibanza kwenye matete, ukungu umetanda, fimbo ya kuswagia nguruwe mkononi. Haikupita muda, Kaupa akaja na sepeto. Akatazama huku na huku, akang'oa tanget ya kwanza. Nikatoka.

"Leo nimekupata, mla ardhi za watu," nilimwambia.

Hakustuka. "Punguza sauti, shemeji, wanangu bado wamelala. Kabla hujanipiga, angalia kwanza naihamishia wapi."

Nikaangalia. Shimo jipya lilikuwa ndani ya shamba lake. Alikuwa akitupa sisi ardhi. Na kati ya shimo la zamani na hilo jipya palikuwa na matuta ya viazi vitamu, ya duara, yamepigwapigwa juu kwa kiganja. Bonde zima hakuna apigaye tuta hivyo ila Siune.

"Analima kwangu akidhani ni kwake," Kaupa alisema. "Siku ya kwanza nilimwonyesha mpaka ulipo. Akanitazama kama mtu aliyepotea, shemeji, hata nikaona aibu mimi. Sasa wanangu wakiyakuta matuta haya watashika shoka, unawajua. Nikaona bora mpaka umfuate yeye. Ila viazi vikiiva nitachimba, mimi si mjinga."

Nilitafuta hila katika maneno hayo, nikakosa. Badala yake nikakumbuka jinsi Siune alivyorudi majuzi akisema vijana wamehamisha daraja la mtoni, nami nikawatukana vijana. Nikakumbuka alivyosema kuna mtu kageuza mlango wa banda la nguruwe, nami nikamshuku wifi yangu. Nilikuwa nimemshuku kila mtu bondeni isipokuwa yeye. Nikaketi kwenye majani yenye umande, nikalia. Kaupa akaipanda ile tanget kwenye shimo jipya, akatandaza majani makavu juu ya udongo.

Hakimu alikuja jua lilipochomoza vizuri, na watu nyuma yake, wakiwemo wana wa Kaupa. Akamwomba Siune aonyeshe mpaka wa baba zao. Siune akasimama wima kama siku zote, akanyoosha mkono. Kidole kikaenda kwenye tanget, kikaenda mtoni, kikarudi kwenye mibuni, kikabaki hewani. Watu wakaanza kutazamana.

"Hakuna kilichohama," nilisema. "Ni mimi. Nimezeeka, siku hizi hata njia ya mtoni inanipotea. Nimemsingizia Kaupa bure."

Watu walicheka, na wana wa Kaupa wakacheka zaidi. Kaupa aliangalia sepeto lake. Siune akateremsha mkono, akasema kwa ile sauti yake ya barazani, "Msimlaumu mke wangu. Kichwa chake kimechoka. Nimekuwa nikimwambia."

Iliniuma, na mdomo ninao. Lakini nililitia neno hilo ndani ya mfuko wangu wa kamba pamoja na viazi nilivyochimba kwetu, nikauning'iniza kichwani ukanilalia mgongoni, tukaondoka.

Kwetu mwanamume hutangulia njiani. Siune alitangulia, mgongo umenyooka, mpaka njia inapogawanyika penye mibuni. Hapo akasimama, akatoa tumbaku, akaanza kuisokota taratibu.

"Tangulia," alisema. "Nakuja."

Mwaka mzima amekuwa akisimama hapo kusokota tumbaku, nami nikidhani anamvizia mjane anayekaa hapo jirani. Nikampita, nikashika njia ya kushoto, ya nyumbani. Nyuma yangu nikasikia anairudisha tumbaku mfukoni bila kuiwasha, kisha nyayo zake zikifuata zangu. Nikapunguza mwendo.