Chai Iko Tayari

Kwa miaka minne Mama Adèle hakumwambia mume wake neno hata moja, na bado hakuna jambo la nyumba ile ambalo mume hakulijua. Alijua chumvi imekwisha, alijua bati la jikoni linavuja, alijua suruali yake ya kanisani imepigwa pasi. Yote yalipita kwa Jokébed, binti yao mkubwa. Mama alikuwa jikoni, baba sebuleni, pazia moja tu katikati yao, na sauti ikatoka: "Jokébed, umuambie baba yako bugali iko tayari." Papa Phinées, ambaye masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote, alibaki ameketi. Alimngoja Jokébed ainuke alipo, avuke pazia, asimame mbele yake na kumwambia kwamba bugali iko tayari. Ndipo alipokwenda kunawa mikono.

Wageni walicheka, na mwaka wa kwanza Jokébed naye alijilazimisha kucheka. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa na kicheko kilikuwa kimemwishia.

La ajabu ni kwamba alikuwa analipwa kuponya ugonjwa huo huo. Kila asubuhi alipanda kilima kimoja cha Butembo hadi kwenye nyumba ya kusikiliza, chumba chenye viti vya plastiki na mlango unaofungwa vizuri, na huko alipokea watu wenye vita nyumbani: mke na mama mkwe, baba na kijana asiyetaka shule, ndugu wawili waliogombania kiwanja mpaka wakaacha kusalimiana. Gracien, aliyewafundisha kazi hiyo, alikuwa na somo moja alilolipenda kuliko mengine. Watu wawili wakishindwa kubeba ugomvi wao, alisema, humtafuta wa tatu wamtwishe. Wa tatu anabeba, wao wanapumua, na ugomvi unakaa pale pale miaka nenda miaka rudi. Dawa ni wa tatu kutoka katikati. Atoke kwa adabu, aweke viti viwili vitazamane, awaache wenyewe waongee.

Jokébed alilijua somo hilo kuliko Gracien mwenyewe. Alilitumia kwa Bwana Syauswa na mke wake, waliokuwa wakitukanana kupitia mtoto wao wa kike, na baada ya mikutano mitatu wale wawili waliondoka chini ya mwavuli mmoja. Siku hiyo alirudi nyumbani katika mvua, amelowa, ana furaha. Alipofika mlangoni alisikia: "Jokébed, umuambie baba yako atoe viatu, nimetoka kupangusa chini."

Kisha barua ikaja. Nyumba ya kusikiliza ilikuwa inafunguliwa Beni, katika komini ya Ruwenzori, mtaa ule ule ambao wao waliukimbia, na walimtaka yeye aiongoze. Kazi ingeanza Jumatatu. Papa Phinées alisoma barua mara mbili, akasema aende, Mungu amemfungulia. Mama Adèle alikuwa anachagua maharagi. Hakuinua kichwa.

"Na baba yako," akasema, "nani atakuwa anamuambia?"

Halikuwa swali, lilikuwa kufuli. Jokébed alisimama na barua mkononi, akaona miaka yake thelathini inakuja, na arobaini nyuma yake, yote ikipita kwenye pazia lile, huku na huku.

Gracien alipopata habari alifurahi mno. Alimwambia hiyo ndiyo njia yenyewe ya kutoka: akiondoka, wazee watalazimika kuongea. Jokébed aliitikia kwa kichwa. Hakumwambia kilichomtisha. Hakuogopa kwamba wazazi wake wangenyamaza, maana kunyamaza walikuwa wamekuzoea. Aliogopa kwamba wangeongea.

Tuseme wazi, maana yeye hakuwahi kumwambia mtu. Miaka minne nyuma walikuwa bado wanaishi Beni, na baba alikuwa na shamba la kakao Eringeti. Kakao ilikuwa imeiva. Baba akaamua kwamba Éliakim, kijana wao, apande pikipiki akavune, na uamuzi wa baba juu ya shamba haukupingwa mbele ya watoto. Katika nyumba yao mama akiwa na neno zito hakulipeleka mwenyewe. Alimtuma binti mkubwa, neno lifike limepoa. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo mama yake alivyolelewa. Asubuhi ile alimshika Jokébed mkono karibu na moto, akamwambia amwambie baba yake kwamba mtoto asiende Eringeti. Watu waliotoka huko jana wanasema pori si zuri.

Wiki nzima wazee walikuwa wamenuniana, na Jokébed alikuwa amebeba maneno mpaka amechoka. Alivuka pazia akiwa na hilo la mwisho mdomoni. Akamkuta baba anacheka. Éliakim alikuwa amevaa kofia kubwa ya pikipiki, anaigiza mchungaji anayehubiri na mafua, na Papa Phinées anajipangusa machozi kwa kucheka. Jokébed hakutaka kukiua kicheko kile. Akasema, "Mama anasema chai iko tayari."

Kisha akarudi jikoni. Mama akamwuliza kwa macho, naye akajibu, "Papa amesikia."

Éliakim alikunywa chai ile, akaenda, hakurudi. Siku hiyo wauaji waliingia mashambani. Walioweza kukimbia hawakumwona, na waliorudi kuzika hawakumpata. Familia ilihamia Butembo na magodoro matatu. Tangu siku hiyo Mama Adèle hakumwambia mume wake neno. Papa Phinées aliamini mke wake anamlaumu kwa kumtuma mtoto, na alibeba lawama hiyo bila kujitetea. Mama yeye aliamini jambo baya zaidi: kwamba alimwonya, kwamba mtu huyu alisikia, kwamba alinyamaza akamwacha mtoto aende. Baba hakujua kama aliwahi kutumiwa onyo. Aliyejua yote mawili alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa pazia lenyewe. Maadamu alibaki katikati, maneno yao hayangekutana.

Jumapili, kesho yake ikiwa ni safari, walitoka kanisani wakala viazi vya Lubero na sombe, majani ya muhogo. Jokébed hakula kitu. Alipoona Sagesse, mdogo wake wa miaka kumi na tatu, anaondoa sahani, alichukua viti viwili akaviweka vitazamane katikati ya sebule, kama kazini. Angeweza kuondoka tu, angeweza kuwaachia kimya chao na kuiita hiyo dawa ya Gracien. Lakini hakuweza tena kuwatazama wakiteseka kwa kosa lake. Aliwaomba wakae, na kwa sababu hakuwahi kuwaomba kitu, wakakaa. Aliwaeleza sheria: kila mmoja atasema na mwenzake, si na yeye.

Papa Phinées alianza, macho kwenye mikono yake.

"Mama Jokébed," akasema, "na miye nilipoteza mutoto. Utanifunga kinywa mpaka lini?"

Mama Adèle aligeuka. "Jokébed, umuambie baba yako—"

"Hapana, mama," Jokébed akasema. "Umuambie weye."

Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka vizuri, sauti ya kazini. Mama alimtazama mume wake usoni. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayeinua mzigo aliouacha zamani njiani.

"Nilikutumia neno," akasema. "Ile asubuhi. Nilisema mutoto asiende. Ulisikia, ukanyamaza."

"Neno gani?"

"Usinidanganye, Phinées. Ulisikia."

"Neno gani, mama? Hakuna mutu aliniambia neno."

Hapo wote wawili, bila kupanga, wakageuza vichwa. Hakuna kitabu kilichomwambia Jokébed afanye nini wa tatu anapotoka katikati na kukuta kwamba yeye mwenyewe ndiye ugonjwa. Sagesse alikuwa amesimama kwenye pazia na sahani mikononi.

"Ulimuambia nini?" mama akauliza.

"Nilimuambia chai iko tayari."

Papa Phinées alifumba macho. Aliikumbuka chai ile, ilionekana, labda hata kikombe. Mama hakupiga kelele wala hakulia. Aliuliza tu tena, polepole, kana kwamba hakuelewa lugha: "Chai?" Jokébed alipiga magoti, akaeleza kicheko, kofia, uchovu wake, na kila alichoeleza kilizidi kuwa kidogo. Akaomba msamaha. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwinua.

Baba ndiye aliyesimama kwanza. Alizunguka kiti, akamshika mke wake kwenye kiwiko, akamwinua. Waliingia chumbani kwao. Kisha Jokébed, akiwa bado chini, akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia kwa miaka minne: sauti mbili, ya mwanamume na ya mwanamke, zikisemezana kwa Kinande, lugha ya kwao, nyuma ya ukuta, moja ikikatika, nyingine ikiendelea. Baadaye walilia pamoja. Alifurahi, lazima tuseme, alifurahi kweli. Na wakati huo huo alijua kwamba chumba kile hakina kiti chake.

Jioni, jua bado lipo, alikuwa anakunja nguo hatua mbili kutoka jikoni. Mama yake alipita nyuma yake na ndoo, karibu ya kumgusa bega.

"Sagesse," mama akasema, "umuambie dada yako maji ya kuoga iko."

Sagesse alitazama mmoja, akatazama mwingine. Kisha akavuka zile hatua mbili. "Yaya," akasema kwa sauti ndogo, kama alivyozoea kumwita dada yake mkubwa, "mama anasema maji ya kuoga iko."

Asubuhi baba alimsindikiza kituoni, akambebea mfuko, akamwombea mbele ya watu wote. Juu ya chai hakusema kitu. Alisema mama bado hajapoa, ampe muda.

Beni ilimpokea vizuri. Alipewa chumba cha kazi chenye viti vipya, na familia zilikuja kwa wingi. Kila Jumapili baada ya ibada alipiga simu nyumbani, na kila Jumapili ilipokelewa na Sagesse. Siku hizi papa na mama wanaongea mpaka wanachosha, Sagesse alisema. Wanaenda kanisani, wanakaa benchi moja. Jumapili ya sita Jokébed akauliza mama anasemaje.

"Mama anakusalimia sana, yaya," Sagesse akasema haraka. "Anasema unamukumbuka. Eeh, anasema anakukumbuka."

Jokébed aliketi kitandani. Aliijua haraka ile. Aliijua sukari ile inayotiwa kwenye neno njiani ili lisiumize, maana ni yeye aliyeianza katika nyumba yao.

"Sagesse. Mama alisema ile?"

Sauti ya mtoto ikashuka. Halafu: "Hapana."

"Usibebe tena, unasikia? Hata neno moja. Mupatie mama telefone."

Alisikia viatu vya mtoto vikivuka sebule, pazia likivutwa, sauti ya chini, sauti nyingine. Viatu vikarudi.

"Yaya," Sagesse akasema, "mama anasema yeye hapana iko hapa nyumbani."

Wiki ile Jokébed alikuwa amewaambia wazazi wa familia saba wasimfanye mtoto kuwa njia ya maneno yao. Alifungua kinywa ili aage kwa upole, kama inavyofaa.

"Basi," akasema, "umuambie mama…"

Upande wa pili Sagesse akangoja, bila haraka, kama mtu anayejua kazi yake.