Mume Wangu Apewe Safari Ngumu

Mimi ndiye ninayepanga safari za malori katika kampuni yetu, na mume wangu ni mmoja wa madereva. Tafadhali msianze kucheka. Nilimkuta kazini, nikampendea kazini, na tangu tulipooana nimehakikisha hakuna atakayefungua mdomo kusema nampendelea. Safari ya karibu nampa mwingine. Ya barabara mbovu, ya kulala njiani, ya mzigo unaonuka, hiyo ni ya baba watoto wangu. Nilijiona mtenda haki kwelikweli.

Hata hivyo madereva walituponyoka kama maji kwenye chujio. Tukimfundisha mmoja mpaka akalizoea lori lake, huyoo, kahamia kwa jirani zetu ng'ambo ya barabara. Bosi akaongeza mishahara, wakaondoka. Akanunua viti vipya, wakaondoka vilevile. Na lawama zote zikaniangukia mimi.

Asubuhi moja mume wangu akaweka kikombe mezani. "Mama watoto, na mimi naacha."

"Unaacha nini, chai?"

"Kazi. Nimepata kwingine."

Nikawaka. Nikamwambia hana shukrani, nyumbani haonekani, watoto kila siku wanauliza baba yuko wapi, na sasa ananiletea haya!

"Sionekani," akanikatiza, kwa ule upole wake unaoniudhi. "Kwani nani ananituma?"

Nikaanza kukusanya vikombe, na chai yake hajaimaliza.

"Na wenzangu unadhani wanaondokea nini? Wanaona unavyonigeuza getini niondoke tena hata uso sijanawa. Wanasema, kama mume wake wa ndoa hamwonei huruma, sisi itakuwaje?"

Jamani! Mimi niliyejinyima mume ili wao waridhike! Nililia kwa hasira, kisha kwa aibu, kisha nikamkasirikia tena kwa kuniona nalia. Nikamwomba amalize safari aliyokwisha kupangiwa, ndipo aamue. Akakubali.

Alirudi Ijumaa alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Madereva wengine walikuwa kwenye benchi la karakana, na bosi alikuwa amenisimamia kwenye dirisha la ofisi yangu, kwa sababu mzigo wa haraka ulikuwa umetokea na mteja hakomi kupiga simu.

"Mpe huyo anayeingia," bosi akasema. "Si wako huyo? Wale wa benchini watanuna, yeye hatakataa."

Mume wangu alibaki kwenye usukani, injini inanguruma, ananitazama. Nilijua akiligeuza lori lile tu, nimempoteza.

"Bosi," nikasema, "anayeingia anakwenda kwake kwanza. Awe mume wangu, awe mume wa mtu. Kama haiwezekani, tafuta mtu mwingine wa kupanga safari."

Bosi akageukia benchi. Dereva mmoja mnene, tunayemwita Kifua, akainuka benchini akijipangusa suruali.

"Mimi nimelala kwangu tangu juzi, mama. Mzigo huo nipe mimi."

Hata kununa hakununa. Nikampa funguo kabla hajabadili mawazo.

Mume wangu akazima injini, akashuka, akaja mpaka dirishani pangu. Nilingoja japo tabasamu.

"Nabaki," akasema. "Lakini na wewe toka humo."

"Nitoke niende wapi? Kazi zote hizi!"

"Nyumbani. Mara ngapi nimefika nikakuta wewe ndiye hupo?"

Nilitaka kumjibu, mdomo ninao. Simu ikaanza kulia tena mezani. Nikamsogezea bosi simu na kuchukua mkoba wangu. Tulitoka getini tukibishana nani atapika, na nilikuwa na furaha hata nikamwacha ashinde.